Kumsindikiza mwanamke anayenyimwa haki: mwongozo kwa ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake Nyanda za Juu Kusini

Mvua za kwanza zikinyesha mwezi wa 11, watu wa Mufindi, Njombe na Rungwe, kusini magharibi mwa Tanzania, huingia shambani, na migogoro iliyolala kiangazi chote huamka nao. Mjane anafika kwenye shamba alilolilima miaka kumi na tano, anakuta shemeji yake ameshachimba mashimo ya miche ya parachichi. Hakutukanwa wala kupigwa. Anaambiwa tu kwamba shamba ni la ukoo, na wanaume watatu waliosimama pale wanatazama chini.

Mwongozo huu ni wa hao watatu. Ni wa jirani anayesikia kelele usiku, wa kaka anayejua dada yake hakupewa kitu baba alipofariki, na wa mfanyakazi aliyemwona mwenzake akiondolewa kazini tumbo lilipoanza kuonekana. Kazi yako ni kumsindikiza: kuhakikisha anafika kila ofisi akiwa na karatasi inayotakiwa, kabla muda haujapita, akiwa na mtu mmoja pembeni yake asiyeyumba. Wengi wanaoshindwa wana ukweli upande wao. Kinachowaangusha ni tarehe iliyokwisha kupita, au saini waliyoiweka mahali ambapo hawakupaswa kuiweka.

Anza kwa kumuuliza

Kabla ya kushika simu, kaa naye mahali ambapo hakuna mtu mwingine anayesikia, hata kama ni kisimani au njiani mkitoka sokoni. Muulize mambo matatu. Je, usiku wa leo yuko salama? Anataka nini kitokee? Na ni nani hapaswi kujua kwa sasa?

Swali la tatu ndilo wasindikizaji wengi hulisahau. Kijijini, mtendaji, mwenyekiti na baba mkwe wake wanaweza kuwa watu wanaokunywa ulanzi meza moja. Ukikimbilia ofisi ya kijiji saa nne asubuhi kwa nia njema, mumewe anaweza kujua kabla ya saa kumi, na atakayeumia ni mwanamke mwenyewe. Muulize anamwamini nani kwa jina: huenda ni shangazi, mama mchungaji, mwalimu, au balozi wa mtaa wa pili. Wewe ongeza majina, usipunguze.

Anaweza kukuambia hataki kwenda popote. Mpe taarifa, mwambie muda wa kila jambo unaisha lini, kisha mwache aamue. Mwanamke aliyesukumwa polisi na ndugu zake mara nyingi hurudi kufuta maelezo yake, na mara ya pili hakuna anayemsikiliza. Mtoto ni habari nyingine. Kwa mtoto chini ya miaka 18 anayefanyiwa ukatili usisubiri ridhaa ya familia: piga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto, ambayo ni bure, au nenda moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Daftari

Nunua daftari dogo la mistari. Likae kwako kama kwake si salama. Kila tukio liandikwe siku hiyohiyo, kwa kalamu ya wino, bila kurarua ukurasa. Maandishi yawe hivi:

"Jumanne, saa 12 na nusu asubuhi. Shamba la bondeni, upande wa mto. Shemeji mdogo na vijana wawili wamechimba mashimo 40. Nimemwambia aache, akasema: 'Wewe ulikuja kuolewa, hukuja na ardhi.' Walioshuhudia: mama wa duka la chini, na kijana wa bodaboda aliyekuwa anapita. Picha 3 kwenye simu."

Tazama kilichomo: saa, mahali, idadi, maneno yenyewe, majina ya walioona. Hakuna "alininyanyasa sana". Neno hilo halimsaidii hakimu, lakini mashimo 40 yanamsaidia. Picha za simu zitumwe siku hiyohiyo kwa mtu wa pili, maana simu ya mwanamke aliye kwenye mgogoro hupotea au kuvunjwa kirahisi mno. Akumbuke pia kubadili namba ya siri ya simu na ya fedha za simu ikiwa mumewe anaifahamu.

Akiwa amepigwa au kubakwa

Hapa kila saa ina thamani, kwa hiyo soma sehemu hii kabla hujaihitaji.

Akiwa amebakwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Humezwa kwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufanya kazi hadi siku 5, lakini nguvu yake hupungua kadiri saa zinavyopita. Kwa mikoa yetu jambo hili si la nadharia: utafiti wa taifa wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati kiwango cha taifa ni 4.4.

Asioge, asifue nguo, asibadilishe kama inawezekana. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au zifungwe kwa gazeti. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu, nguo zinaota ukungu, na ushahidi unaharibika. Kama ameshaoga, aende hivyohivyo. Usimlaumu kwa neno hata moja.

Polisi hutoa PF3, fomu ambayo daktari hujaza alichokikuta akimpima, na hutolewa bure. Penye wasindikizaji wawili, gawaneni: mmoja abaki naye hospitali huduma zikianza, mwingine afuatilie PF3 kituoni. Mapokezi mwambieni muuguzi kwa sauti ya chini kwamba ni suala la ukatili wa kijinsia, ili asielezee habari zake mbele ya foleni nzima. Baadhi ya hospitali kubwa zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii hukaa pamoja, na hapo anaeleza mara moja badala ya mara nne. Uliza kama kipo kabla hujampeleka kwingine. Daktari akimaliza kujaza PF3, pigeni picha pande zote kabla haijarudi polisi. Muulize askari namba ya kumbukumbu ya taarifa, iandike daftarini. Bila namba hiyo, ufuatiliaji wa wiki ijayo unaanza upya.

Dawa za siku 28 huleta kichefuchefu, na wengi huacha wiki ya pili. Mkumbushe kwa ujumbe usiotaja dawa: "Umekula?" unatosha ikiwa mmekubaliana hivyo.

Kisha wanakuja wazee na ombi la kumalizana nyumbani. Ng'ombe, fedha, au ahadi ya kumuoa binti. Ubakaji ni jinai, na hakuna kikao cha familia chenye mamlaka ya kuufuta. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, adhabu yake ya kawaida kwa mtu mzima ni kifungo kisichopungua miaka 30. Ukiitwa kwenye kikao cha namna hiyo, usikae kama shahidi, maana jina lako litaandikwa kuwa ulikubali.

Kwa mke anayepigwa, watu husema sheria iko kimya kwa sababu ni mambo ya ndani. Haiko kimya. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Lakini ujue kwamba siku ya hatari kubwa kuliko zote ni ile anayoondoka. Asitangaze. Mkoba wake ukae kwako wiki kadhaa kabla: kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi zao za kliniki, nakala za hati za shamba, dawa anazotumia, nauli ya kwenda na akiba kidogo, chaja, na nguo za watoto za baridi. Makambako au Uyole usiku si mahali pa kushuka na mtoto mwenye fulana.

Kikao cha ukoo

Haki za wanawake wengi wa huku hazipotei mahakamani. Hupotea sebuleni, siku ya kumaliza matanga, wageni wakisubiri kuondoka na basi la mchana. Hapo ndipo msindikizaji mmoja mwenye kauli nzuri anaweza kufanya kazi kuliko wakili.

Siku chache kabla ya kikao, watembelee wazee wawili unaowaheshimu, mmoja mmoja, nyumbani kwao. Usimvizie mzee hadharani. Mzee aliyebishiwa mbele ya vijana hawezi kurudi nyuma hata akitaka, lakini yuleyule, ukimwendea jioni na "shikamoo baba mkubwa" na kumweleza kwamba watoto wa marehemu watakosa pa kulima, mara nyingi ndiye atakayelisema jambo lako kama lake. Mwache alichukue. Mtafute pia shangazi wa upande wa mume. Ukoo hupata shida kumpuuza shangazi.

Usiku wa kuamkia kikao, kaa na mjane muandae sentensi zake mwenyewe. Zisizidi tatu. Kwa mfano: "Shamba la bondeni tulinunua na marehemu mwaka 2009 kwa fedha za viazi. Waliosimamia mauzo ni mzee wa jirani na aliyekuwa mwenyekiti wa kitongoji. Naomba lisiingizwe kwenye mali ya babu." Mwache aseme yeye. Msindikizaji akizungumza kwa niaba yake, wanaume watajibizana na msindikizaji, na mwenye jambo atabaki kuwa mada.

Siku yenyewe, keti karibu naye, si mbele. Kisha angalia karatasi. Mtego wa kawaida ni orodha ya mahudhurio: karatasi tupu yenye majina na saini, inayozungushwa mwanzoni. Mwezi mmoja baadaye inatokea mahakamani ikiwa imebandikwa nyuma ya muhtasari unaosema wote walikubaliana kwamba kaka wa marehemu awe msimamizi wa mirathi. Saini ya mjane ipo, na ni ya kwake kweli. Kwa hiyo asisaini karatasi yoyote ambayo juu ya jina lake hakuna maandishi. Wewe unaweza kusema hivi, kwa upole: "Wazee wangu, naomba kabla hatujasaini, katibu atusomee muhtasari wote kwa sauti, na mjane mwenyewe aseme kama ndivyo alivyosikia." Ni ombi ambalo hakuna mzee mwenye haya atakayelikataa. Likikataliwa, asisaini, na kukataa kwenyewe kuandikwe daftarini. Ukikubaliwa, kila ukurasa uwe na saini, nafasi zilizobaki tupu zipigwe mstari, na kila upande upate picha ya simu hapohapo.

Suala la mjane kurithiwa na ndugu wa marehemu likija, kuna jibu la sheria. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa kinasema, bila kujali mila yoyote, mjane yuko huru kukaa anakotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe. Kiandike kwenye karatasi ndogo na umpe akae nayo. Kuna wajane waliosimama imara kwa sababu tu walijua namba ya kifungu.

Mirathi: tenga kabla ya kugawa

Hapa inabidi kuwa wakweli. Kanuni za mirathi za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 bado zinamweka mjane na binti nyuma, na ukienda mahakamani ukidhani Katiba peke yake itamaliza kila kitu utashtuka. Njia inayofanya kazi ni kutenga kwanza. Vitu vya aina tatu huchanganywa makusudi: mali ya ukoo aliyopewa marehemu na baba yake, mali ambayo wanandoa waliichuma pamoja, na mali ya mwanamke mwenyewe, kama shamba alilopewa na wazazi wake, akiba ya kikoba au ng'ombe wa mradi. Andikeni orodha tatu kwenye kurasa tatu. Mbele ya kila kitu wekeni mwaka, kilipatikanaje, na nani anajua.

Wakisema hakuchangia kwa sababu hakuwa na mshahara, kumbukeni hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Lilikuwa shauri la talaka, na mahakama ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kwa upande wa ardhi, kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinamtambua mwanandoa aliyechangia kwa nguvu zake kwenye ardhi iliyoandikwa jina la mwenzake. Palizi ya miaka kumi na tano ni nguvu. Walioiona watajwe.

Jambo jingine linalobadilisha mgao ni sheria ipi itumike, na mahakama hutazama marehemu aliishije. Kwa sheria ya Kiislamu mjane mwenye watoto hupata moja ya nane. Kwa sheria ya mirathi inayotumika kwa Wakristo hupata theluthi moja, watoto wakichukua inayobaki. Kwa kimila anaweza kuambiwa fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Sasa fikiria mtu aliyebatizwa, akafunga ndoa Moravian au Kilutheri, akazikwa na kanisa, halafu ndugu wanakwenda kusema aliishi kimila. Cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa ya kanisani na barua ya mchungaji ndivyo vinavyojibu hoja hiyo. Vitafuteni mapema. Mirathi ya kimila na ya Kiislamu huanzia Mahakama ya Mwanzo. Likisimama suala la sheria ya Kikristo, karani atawaelekeza mahakama ya ngazi inayohusika.

Cheti cha kifo hutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili, na bila hicho hamuanzi. Muhtasari wa ukoo karani atauuliza, lakini ni desturi zaidi kuliko sharti la sheria. Mjane aliyenyimwa muhtasari aende hivyohivyo na aeleze kwamba ukoo umegoma. Kosa kubwa ni kusubiri. Mwingine akitangulia kuomba usimamizi, mahakama hutoa tangazo la maombi, na mwenye pingamizi anatakiwa kujitokeza ndani ya muda ulioandikwa humo. Kwa hiyo, kila wiki mbili pita ubao wa matangazo wa Mahakama ya Mwanzo na ofisi ya kata, soma majina. Ni kazi ya dakika tano ambayo jirani anaweza kumfanyia mtu aliye kwenye eda au anayelea.

Msimamizi akishateuliwa, hajapewa mali, amepewa kazi. Ndani ya miezi 4 anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu ya mgao, Fomu Na. V na VI. Miezi minne ikipita kimya, mjane au mtoto aandike barua mahakamani aulizie. Mashamba mengi huuzwa katika kimya hicho.

Ardhi ya kijiji

Shamba likiingiliwa, fanyeni mambo mawili wiki hiyohiyo. La kwanza ni barua ya pingamizi kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, ikiomba wasiidhinishe mauzo wala hati ya kimila (hati ya kumiliki ardhi ya kijiji) ya eneo hilo. Nakala tatu, moja irudi na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi kihalali. Ni kifungu cha 20. La pili ni kuzuia mazao ya kudumu. Mahindi yatavunwa mwezi wa 6 na habari ikaisha, lakini misonobari na parachichi hukaa miaka, na kila mwaka unaopita humfanya aliyepanda aonekane mwenye mali. Muda wa kudai ardhi ni miaka 12. Usimwambie mtu asubiri "mambo yapoe".

Ngazi ya kwanza ni Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo linatakiwa kuwa na wajumbe 7, wanawake wasiopungua 3. Wahesabu. Lisipokuwa na wanawake hao, ombeni kwa heshima likamilike kabla ya kusikiliza, na mjumbe aliye ndugu wa upande mmoja akae pembeni. Kisha Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, halihukumu. Bado wapo watu wanaoambiwa "kata imekuhukumu uondoke". Karatasi hiyo si hukumu. Likishindwa kuwapatanisha, litoe cheti cha kushindwa. Siku 30 zikipita bila suluhu, anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila cheti.

Kwenye baraza la wilaya, mashauri ya watu wanyonge hutupwa kwa sababu mbili hasa. Moja: shamba ni la marehemu, na aliyefungua si msimamizi wa mirathi. Kama ni mali ya marehemu, usimamizi kwanza, shauri baadaye. Kama shamba ni la mwanamke mwenyewe, aseme hivyo waziwazi na alete mashahidi wa jinsi alivyolipata. Mbili: maelezo ya eneo hayatoshi. "Shamba lililopo kijijini" halitambuliki. Andikeni kitongoji, ukubwa kwa ekari, na jirani wa kila upande, kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, pamoja na alama zisizohama kama mto, barabara au mwamba. Nendeni mkapime kwa hatua, watu wawili, kabla ya kuandika. Akishindwa, rufaa kwenda Mahakama Kuu ni ndani ya siku 45. Siku hizo ziandikwe kwenye kalenda ya ukutani siku ileile ya hukumu, na nakala ya hukumu iombwe kwa barua siku hiyohiyo.

Fedha za wakili zikikosekana, muulizie msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inawafahamu walipo.

Kazini na shuleni

Kiwandani, hotelini au kwenye mashamba ya chai, tarehe ya kushika ni moja: siku 30. Aliyeachishwa kazi kwa sababu ya ujauzito, ndoa au jinsia anatakiwa kufikisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine ina siku 60. Mwajiri akisema "subiri, bosi yuko safarini", hesabu inaendelea. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, au 100 kwa mapacha, na akirudi ana saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Taarifa ya ujauzito aitoe kwa maandishi miezi 3 kabla ya kujifungua, abaki na nakala. Wewe mfanyakazi mwenzake unaweza kufanya jambo moja kubwa: andika ulichosikia msimamizi akisema, tarehe na saini, siku hiyohiyo. Baada ya wiki tatu, hofu ya kazi itakuwa imekusahaulisha maneno. Mabinti wa kazi za ndani wanaotoka Kilolo na Ludewa kwenda mijini wana haki hizohizo, ingawa karibu hakuna anayewaambia.

Kwa mwanafunzi aliyepata ujauzito, Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unamruhusu kurudi shule ya mfumo rasmi ndani ya miaka 2. Mkuu wa shule akisita, nenda na mzazi ofisi ya elimu ya kata, kisha ya wilaya, mkiwa na barua. Kinachowazuia wengi si barua bali mtoto atabaki na nani. Bibi mmoja wa kumlea asubuhi, na majirani wawili wanaochangia uji, humrudisha msichana darasani haraka kuliko semina.

Maneno ya kijiweni

Mtu akisema "mwanamke hana ukoo" au "alijitakia, si uliona alivyovaa", jibu fupi lina nguvu kuliko hotuba. "Dada yangu naye ni mwanamke, sitaki asemwe hivyo." Kisha nyamaza. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mwanamke akikatizwa, inua mkono useme: "Mwenyekiti, mama alikuwa hajamaliza." Hoja aliyoitoa ikirudiwa na mwanamume dakika kumi baadaye kana kwamba ni yake, kumbusha ilitoka kwa nani ili katibu aandike jina lake kwenye muhtasari. Na mikutano ipangwe saa ambazo mtu anayechota maji na kupika anaweza kuhudhuria. Saa kumi na moja jioni haifai.

Usimsimulie mtu habari zake, hata ukitafuta michango. Omba "nauli ya mama mmoja kwenda hospitali", bila jina, bila picha. Ukianza kuchoka, na utachoka maana mashauri haya huahirishwa mara nyingi, mtafute wa pili mapema na mkabidhi daftari mbele ya mwenyewe.

Akishinda, kazi haijaisha siku hiyo. Nendeni shambani na mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa pande nne, mkapande alama za mipaka wote wakiona, na mwombe hati ya kimila ikiwa na jina lake. Kisha, mvua za mwezi wa 11 zinazofuata, uwepo naye asubuhi ya kwanza ya kulima.